Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Cosworth na Mafundi Wengine wa Injini za Mashindano

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayependa magari ya mashindano na anayeijua injini ya kawaida kiasi cha kutofautisha pistoni na valvu, lakini ambaye hajapata kusoma kwa Kiswahili habari za watu wachache waliotumia maisha yao kuunda injini bila kuunda magari. Tumeiweka Cosworth ya Northampton, Uingereza, katikati ya maelezo, kwa kuwa wengi wa wengine ama walitoka kwake, ama walishindana nayo, ama waliishi kwa kuzihudumia injini zake.

Bingwa wa injini ana tofauti gani na kiwanda cha magari?

Kiwanda cha magari huunda injini ili kiuze gari, na kwa hiyo injini yake lazima iwe ya bei nafuu, isiyo na kelele nyingi, na yenye kumvumilia mwenye gari anayesahau kubadilisha oili. Bingwa wa injini huletewa kanuni za mashindano, kiasi cha fedha na tarehe ya mbio ya kwanza, kisha hutakiwa kutoa nguvu kubwa kadiri kanuni zinavyoruhusu bila injini kuvunjika kabla ya bendera ya mwisho. Ferrari ilizoea kutengeneza kila kitu chini ya paa moja, lakini timu za Uingereza kama Lotus, Brabham, McLaren, Tyrrell na Williams hazikuwa na karakana za kusubu bloku wala za kukereza krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Zilijua kuunda chasisi na kuongoza mbio. Injini zilinunua.

Kabla ya Cosworth, muuzaji wao mkubwa alikuwa Coventry Climax, kampuni iliyokuwa ikitengeneza injini za pampu za zimamoto. Serikali ya Uingereza ilitaka pampu nyepesi ya kubebeka, na injini ndogo ya alumini iliyoundwa kwa kazi hiyo ikawavutia waendeshaji wa magari madogo ya mbio, kwa sababu sifa mbili za pampu nzuri, yaani wepesi na uwezo wa kupandishwa kasi mara moja, ndizo hizohizo zinazotakiwa mashindanoni. Kizazi cha injini za Climax kilimpa Jack Brabham ubingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960 akiwa na gari la Cooper, na kikampa Jim Clark ubingwa mwaka 1963 na 1965 akiwa na Lotus. Kanuni za Formula 1 zilipotangazwa kubadilika kutoka lita 1.5 kwenda lita 3 kuanzia mwaka 1966, Climax ilijitoa, na timu zilizokuwa zikishinda zikabaki mikono mitupu.

Nani waliianzisha Cosworth?

Mike Costin na Keith Duckworth, mwaka 1958, na jina la kampuni ni vipande viwili vya majina yao vilivyounganishwa. Wote wawili walikuwa wafanyakazi wa Lotus. Costin alifungwa na mkataba wake pale hadi mwaka 1962, kwa hiyo miaka ya mwanzo Duckworth ndiye aliyebeba kazi nyingi. Riziki yao ya kwanza ya uhakika ilitoka kwenye injini ndogo ya Ford Anglia, chini kidogo ya lita moja, ambayo waliiboresha kwa ajili ya mashindano ya Formula Junior kwa kubadilisha kamshafti (mhimili unaofungua valvu), kuongeza mgandamizo na kusafisha njia za hewa. Hiyo ilikuwa kazi ya fundi anayepokea kitu cha mwingine na kukitoa kikiwa bora kuliko alivyokipokea, na msingi huo haukupotea hata walipoanza kuchora injini zao wenyewe. Mwaka 1964 walihamia Northampton, ambako Cosworth iko hadi leo.

DFV ni nini, na kwa nini hutajwa mno?

DFV ni injini ya silinda nane za mpangilio wa V, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,993, ambayo Duckworth aliichora kwa fedha za Ford. Baada ya Climax kujitoa, Colin Chapman wa Lotus alimwendea Walter Hayes, aliyesimamia mambo ya uhusiano wa umma wa Ford nchini Uingereza, na Ford ikakubali kutoa pauni 100,000 kwa injini mbili: kwanza ya silinda nne, lita 1.6, ya Formula 2, kisha ya silinda nane kwa ajili ya Formula 1. Ya kwanza ilikuwa shule ya ya pili, kwa maana mawazo yote ya kichwa chenye valvu nne kwa kila silinda yalijaribiwa hapo kwanza.

Wakati huo wenzake walikuwa wakitafuta nguvu kwa kuongeza silinda. Ferrari na Honda walikuwa na silinda 12, na BRM walijenga injini ya silinda 16 ambayo ilikuwa nzito na ngumu kutunza, ikashinda mbio moja tu ya ubingwa, tena ikiwa ndani ya gari la Lotus. Duckworth aliona kwamba silinda nane zikipewa hewa ya kutosha zitatoa nguvu zinazokaribiana na hizo huku zikiwa na vipande vichache vya kusuguana, uzito mdogo na kiu ndogo ya petroli, na gari linaloanza mbio likiwa na petroli kidogo ni jepesi tangu mzunguko wa kwanza. Injini yake ilikuwa na takriban kilo 160, na ilitoa zaidi ya nguvu za farasi 400 ikizunguka mara 9,000 kwa dakika.

Pia ilikuwa sehemu ya mwili wa gari. Chasisi ya Lotus 49 iliishia nyuma ya mgongo wa dereva. Bloku ya injini ilifungwa hapo kwa boliti, na giyaboksi pamoja na mikono ya magurudumu ya nyuma vikashikiliwa na injini yenyewe. Kwa hiyo fundi wa injini alilazimika kufikiri kama fundi wa chasisi: bloku ilitakiwa kubeba mlipuko wa ndani na pia mapigo yote ya barabara. DFV haikuwa injini ya kwanza kubebeshwa mzigo huo, ila ndiyo iliyofanya mpango huo uwe desturi ya kila timu.

Tarehe 4 Juni 1967, katika mbio za Uholanzi pale Zandvoort, injini hiyo iliingia uwanjani kwa mara ya kwanza. Graham Hill alianza nafasi ya mbele kabisa na kuongoza, kisha meno ya giya zinazoendesha kamshafti yakavunjika. Jim Clark, aliyekuwa na injini ya aina hiyohiyo, akashinda. Siku moja ilionyesha ubora wa injini hiyo na ugonjwa wake pia, kwa sababu mtikisiko wa krankishafti uliokuwa ukipanda hadi kwenye giya hizo uliwasumbua Northampton kwa muda mrefu, hadi Duckworth alipobuni giya yenye fito ndogo za chuma ndani yake zinazojipinda kidogo na kuumeza mshtuko.

Jambo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote ni lililofuata. Mwaka 1967 Lotus peke yao walikuwa na DFV, na Hayes akahofia kwamba ushindi usio na mpinzani hautakuwa na heshima. Injini ikaanza kuuzwa kwa wengine tangu mwaka 1968, kwa takriban pauni 7,500 kila moja. Mtu mwenye mchora-chasisi hodari, injini ya Cosworth na giyaboksi ya Hewland aliweza kuanzisha timu na kushindana na Ferrari, na wengi walifanya hivyo. Mwaka 1969 na mwaka 1973 mshindi wa kila mbio ya ubingwa wa dunia alikuwa na gari lenye DFV. Hadi Michele Alboreto aliposhinda kule Detroit mwaka 1983 akiwa na Tyrrell, familia ya injini hiyo ilikuwa imekusanya ushindi mara 155 na mataji 12 ya madereva. DFV ilishinda pia Le Mans mwaka 1975 na 1980, na ndugu yake mwenye tabo (pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini), aliyeitwa DFX, alishinda Indianapolis 500 mara kumi mfululizo, kuanzia mwaka 1978 hadi 1987.

Herufi za majina ya injini zina maana gani?

Maana yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. FVA, ile ya silinda nne ya Formula 2, ni injini ya valvu nne, aina A. DFV ni valvu nne mara mbili, kwa sababu kimawazo ni safu mbili za kichwa kile cha silinda nne. BDA ni injini inayoendeshwa kwa mkanda, aina A, kwa maana kamshafti zake huzungushwa na mkanda wa mpira wenye meno badala ya giya.

Nguvu hizo hutoka wapi hasa?

Hutoka kwenye hewa. Petroli ni rahisi kuiingiza ndani ya silinda. Shida ni kuiletea hewa ya kuichoma, na karibu kila uamuzi wa fundi wa injini ya mbio hurudi kwenye shida hiyo. Hesabu yake si ngumu. Injini ya lita 3 inayozunguka mara 9,000 kwa dakika hujaza silinda zake zote mara 4,500 katika dakika hiyo, kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Hizo ni lita 13,500 kwa dakika, yaani lita 225 kwa sekunde: pipa zima la lita 200 na zaidi kidogo, kila sekunde. Gari la nyumbani la lita 1.5 likienda kwa mizunguko 3,000 huvuta chini ya madumu mawili ya lita 20 kwa muda huohuo.

Ili pipa hilo lipite, milango lazima iwe mipana na ifunguke upesi. Valvu nne ndogo huacha uwazi mkubwa kuliko valvu mbili kubwa ndani ya duara lilelile la silinda, na kwa kuwa kila moja ni nyepesi, springi huweza kuifunga kwa wakati hata inapofunguka mara 75 kwa sekunde. Waliotangulia walikuwa wakizilaza valvu mbalimbali sana, na chumba cha kuchomea kikawa kama kuba, ikabidi pistoni nayo iwe na kichwa kilichovimba ili mgandamizo upatikane. Moto ulitembea polepole katika umbo hilo. Duckworth alizisimamisha valvu karibu karibu, kwa pembe ya nyuzi 32, chumba kikawa kifupi, juu ya pistoni kukawa karibu bapa, na moto ukalimaliza eneo lote mapema. Wachoraji wengi wa injini za mbio waliokuja baada yake walilifuata wazo hilo, na injini za valvu nne za magari ya kawaida tunayoendesha leo zinafanana nalo.

Njia ya pili ni kuongeza mizunguko, na hapo adui ni uzito wa pistoni yenyewe. Katika DFV pistoni ilitembea kwa wastani wa karibu mita 19.5 kwa sekunde, na katika kila mzunguko ilisimama mara mbili na kurudi ilikotoka, huku konrodi, fimbo inayoiunganisha na krankishafti, ikivutwa na kusukumwa kwa nguvu zinazozidi sana uzito wa vipande vyenyewe. Ndiyo maana injini za mbio zina silinda pana na mwendo mfupi wa pistoni: ukifupisha safari yake, unaweza kuizungusha haraka zaidi bila kuongeza mwendo huo wa hatari. Kwenye mizunguko mikubwa zaidi hata springi za chuma hushindwa, na tangu Renault ilipoonyesha njia mwaka 1986, injini za Formula 1 zilianza kufunga valvu kwa hewa iliyoshindiliwa. Cosworth ilifika mwisho wa barabara hiyo mwaka 2006, kwa injini yake ya silinda nane ya lita 2.4 iliyofungwa kwenye magari ya Williams, ambayo ilikuwa ya kwanza katika Formula 1 kuvuka mizunguko 20,000 kwa dakika.

Je, ni kweli kwamba Cosworth ilibadilisha hata namna ya kusubu alumini?

Ni kweli, na ni habari isiyosimuliwa vya kutosha. Alumini iliyoyeyuka huota utando mwembamba juu yake mara inapokutana na hewa, kama maziwa ya moto yanavyoota utando. Ukiimimina kutoka juu kuingia kwenye kalibu, utando huo hujikunja na kuzama ndani ya chuma, na kila mkunjo huwa mwanzo wa ufa wa kesho. Injini ya kawaida huweza kuishi na kasoro hizo. Injini ya mbio yenye kuta nyembamba haiwezi.

Katika karakana yao ya kusubu kule Worcester walitengeneza mtindo ambao chuma cha moto hakimiminwi kabisa. Pampu ya sumaku-umeme hukipandisha taratibu kutoka chini kuingia kwenye kalibu ya mchanga wa zirkoni, na kalibu hujaa kimya kama kisima kinavyojaa. Vichwa na bloku zilizotoka hapo zilikuwa na nguvu zinazotabirika, na viwanda vikubwa vya magari vikaja kununua ujuzi huo. Kwa maoni yetu, hapa ndipo tofauti ya fundi mwema na fundi bingwa inapoonekana: alipokwama hakubadilisha mchoro pekee, alirudi nyuma hadi kwenye chuma chenyewe.

Injini hizi zimewahi kufika Afrika Mashariki?

Zimefika na zimeshinda. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na msoma-ramani wake Gunnar Palm walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki wakiwa na Ford Escort RS1600, gari lenye injini ya BDA, na wakawa wa kwanza kutoka Ulaya kuvunja mwiko wa wageni kushindwa kwenye barabara hizo. Mwaka 1977, katika Safari iliyokumbukwa kwa mvua na matope, Björn Waldegård na Hans Thorszelius walishinda kwa Escort RS1800, ambayo injini yake ni ya ukoo huohuo.

Ushindi huo una uzito wa pekee kwa sababu Safari ilidai kinyume cha uwanja wa Ulaya. DFV ilitakiwa kuishi saa mbili kwenye lami, na baada ya mbio chache ikafunguliwa na kujengwa upya. Escort ilitakiwa kupita maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na mito ya ghafla, na mafundi walikutana nayo njiani kwa dakika chache tu. Tena kuna suala la hewa tulilolieleza juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo injini isiyo na tabo hupoteza sehemu ya nguvu zake kila inapopanda bara, na kabureta iliyorekebishwa pwani humwaga petroli kupita kiasi ifikapo milimani. Injini yenye vichwa vinavyopumua vizuri ina akiba. Isiyo nayo huhema.

Gari la barabarani lenye jina la Cosworth lina injini ya mbio kweli?

Lina injini iliyozaliwa kwa sababu ya mbio, na kanuni ndizo zilizolileta barabarani. Katika kundi la A, daraja la mashindano la magari yanayotokana na yale ya kuuzwa, mtengenezaji alitakiwa kuunda magari 5,000 ya kuuzwa kabla ya kuruhusiwa kushindana, na magari 500 mengine ikiwa alitaka kuliboresha zaidi. Ndiyo asili ya Ford Sierra RS Cosworth ya mwaka 1986, yenye lita 2, tabo na nguvu za farasi 204, na ya RS500 ya mwaka 1987, ambayo ilitoka 500 pekee. RS500 ya barabarani ilikuwa na nguvu za farasi 224 tu. Waliokuwa hawajui walishangaa kwa nini tabo ni kubwa hivyo na bloku ni nene hivyo. Jibu ni kwamba vilikuwa vimewekwa kwa ajili ya gari la mbio, ambalo lilitoa zaidi ya maradufu ya nguvu hizo.

Mercedes-Benz 190E 2.3-16 nayo ilipata kichwa chake cha valvu 16 kutoka Cosworth. Gari hilo ndilo lililotumika mwaka 1984 katika mbio za kuufungua uwanja mpya wa Nürburgring, ambapo magari yalikuwa sawasawa na madereva wengi walikuwa mabingwa, na kijana aliyeitwa Ayrton Senna akawashinda wote. Na kwa ndugu zetu wa Kenya wanaoipenda Subaru, mwaka 2010 kulitoka Impreza STI iliyofanyiwa kazi na Cosworth, magari 75 tu, kwa soko la Uingereza.

Ilmor ni nani, na kisa cha mwaka 1994 ni kipi?

Ilmor ilianzishwa miaka ya mwanzo ya 1980 na Mario Illien na Paul Morgan, wahandisi wawili waliotoka Cosworth, kwa msaada wa Roger Penske wa Marekani. Waliweka kambi Brixworth, kijiji kilicho kilomita chache kutoka Northampton, wakaanza kwa kuishambulia DFX ya waajiri wao wa zamani, na kuanzia mwaka 1988 injini zao ndizo zilizokuwa zikishinda Indianapolis 500.

Kisa cha mwaka 1994 ni cha watu waliosoma kanuni kwa makini kuliko wote. Kanuni za Indianapolis ziliwapa nafuu wenye injini za mtindo wa zamani, ambazo kamshafti moja iko ndani ya bloku na valvu husukumwa kwa fito ndefu: ziliruhusiwa lita 3.4 badala ya 2.65, na shinikizo la tabo la inchi 55 za zebaki badala ya 45. Nafuu hiyo ilikusudiwa kuwasaidia wadogo waliotumia bloku za magari ya kawaida, lakini sharti la kutumia bloku hizo lilikuwa limekwisha kuondolewa. Penske na Ilmor wakaamua kuunda injini mpya kabisa ya fito kwa ajili ya mbio moja tu, kwa siri, katika miezi michache, na wakaijaribu Marekani wakati wa baridi kali. Ilitoa zaidi ya nguvu za farasi 1,000 ikiwa na jina la Mercedes. Al Unser Mdogo alianza mbele na kushinda, baada ya Emerson Fittipaldi, mwenzake wa timu aliyekuwa akiongoza, kugonga ukuta mizunguko 15 kabla ya mwisho. Wasimamizi wakaibana kanuni, na injini ile haikushindana tena pale.

Mercedes waliendelea na Ilmor hadi Formula 1, na Mika Häkkinen akapata ubingwa mwaka 1998 na 1999. Morgan alifariki katika ajali ya ndege mwaka 2001. Baadaye Mercedes waliichukua karakana ya Brixworth yote, na hapo ndipo injini zao za Formula 1 zinapotengenezwa mpaka sasa, huku Illien akiendeleza jina la Ilmor katika kampuni tofauti ambayo hushughulikia injini za Chevrolet za mbio za IndyCar.

Wako wengine wanaostahili kujulikana?

Wako. Brian Hart, aliyewahi kufanya kazi Cosworth, aliendesha karakana ndogo kule Harlow, na injini yake ya silinda nne yenye tabo ndiyo iliyokuwa nyuma ya Senna alipomaliza wa pili Monaco mwaka 1984, katika mvua, akiwa na Toleman. John Judd alianzisha kampuni yake pamoja na Jack Brabham mwaka 1971 katika mji wa Rugby. Japani kuna Mugen, iliyoanzishwa mwaka 1973 na Hirotoshi Honda, mtoto wa mwanzilishi wa Honda, na injini yake ilimpa Olivier Panis ushindi wa Monaco mwaka 1996. Ufaransa kuna Mecachrome, ambayo injini zake hutumiwa na magari yote ya Formula 2. Ujerumani, Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher walianzisha AMG mwaka 1967. Herufi ya tatu ni ya Großaspach, alikozaliwa Aufrecht, na desturi ya fundi mmoja kuiunda injini mwanzo hadi mwisho na kuitia saini yake bado ipo.

Ni nini kilichoiondoa DFV kwenye Formula 1?

Tabo. Renault ilileta injini yake ya kwanza yenye tabo mwaka 1977 na ikashinda nyumbani Ufaransa mwaka 1979, na kufikia mwaka 1983 lita 3 zisizo na tabo hazikuweza tena kufua dafu isipokuwa kwenye barabara za mijini. Cosworth ilibaki Formula 1 kwa injini nyingine: Michael Schumacher alipata ubingwa wake wa kwanza, mwaka 1994, akiwa na silinda nane kutoka Northampton, na ushindi wao wa mwisho ni wa Giancarlo Fisichella kule Brazil mwaka 2003 akiwa na Jordan.

Nani mmiliki wa Cosworth?

Waanzilishi waliiuza mwaka 1980, nayo ikapita mikono kadhaa ikiwemo ya Vickers. Mwaka 1998 iligawanywa: upande wa uhandisi ukaenda Audi, ambao baadaye waliuuza kwa Mahle, na upande wa mbio ukaenda Ford. Mwaka 2004 Ford waliuuza upande wa mbio kwa Gerald Forsythe wa Marekani na Kevin Kalkhoven, mzaliwa wa Australia.

Leo wanafanya kazi gani?

Wanaunda injini zisizo na tabo za magari machache ya gharama kubwa, na kwa wapenda injini hiki ni kipindi cha neema kisichotarajiwa. Aston Martin Valkyrie ina injini yao ya silinda 12, lita 6.5, yenye nguvu za farasi 1,000 kwa mizunguko 10,500, na bado ni sehemu ya mwili wa gari kama ilivyokuwa Zandvoort. Krankishafti yake hukerezwa kutoka nondo nzima ya chuma cha pua yenye upana wa milimita 170 na urefu wa milimita 775, na asilimia 80 ya nondo hiyo huondolewa kabla kipande hakijakamilika. Kwa Gordon Murray, mchoraji wa magari aliyezaliwa Durban, waliunda silinda 12 za lita 4 zenye uzito wa kilo 178 tu, zinazofika mizunguko 12,100. Bugatti nao wamewapa kazi ya silinda 16 za lita 8.3.

Kilicho kigumu zaidi kwao si nguvu. Injini ya mbio hufunguliwa na fundi wake kila mara, bali hizi lazima ziwake asubuhi ya baridi, zipite vipimo vya moshi na zikae na mteja miaka. Kwa Valkyrie walianza na injini ya majaribio ya silinda tatu, robo ya ile kamili, ili wathibitishe kwamba moshi wake utakubalika, ndipo wakachora nyingine tisa.

Ninauziwa gari au injini inayosemekana kuwa ya Cosworth. Nianzie wapi?

Anzia kwenye namba na karatasi, kabla hujasikia sauti. Linganisha namba ya injini na ya chasisi na hati za gari, kwa sababu Sierra na Escort za kawaida zimegeuzwa kwa nje kwa miaka mingi, na RS500 bandia si jambo la ajabu. Kisha uliza injini ilifunguliwa lini, na nani, na ni vipande gani vilivyobadilishwa. Injini ya mbio isiyo na kumbukumbu hizo ihesabiwe kuwa haijafunguliwa, hata kama muuzaji ni mtu unayemheshimu. Kwa BDA na YB, ambayo ndiyo injini ya Sierra, badilisha mkanda wa kamshafti kabla ya kuwasha mara ya kwanza, bila kujali unavyoonekana kwa macho. Mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda, na kama silinda moja iko chini sana kuliko wenzake, ondoa kwenye bei gharama yote ya kushusha injini, kukereza na kuagiza pistoni na bering kutoka ng'ambo, pamoja na ushuru wake.